Kusoma mng'ao-baki wa milipuko ya miale ya gama: mwanga, eksirei na kompyuta yako tu

Jumapili ya tarehe 9 Oktoba 2022, Waganda wakiwa kwenye sherehe za miaka 60 ya uhuru, setilaiti ya Fermi ilimwagiwa miale ya gama mingi hadi vitambuzi vyake vikalemewa. Kwa saa za kwetu ilikuwa saa kumi na dakika kumi na saba hivi za jioni. Saa kumi na moja na dakika kumi, setilaiti nyingine, Swift, ikaona kitu kinachowaka kwa eksirei karibu na mkanda wa Njia Nyeupe, yaani kwenye bapa la galaksi yetu. Waliokuwa zamu wakadhani ni nyota ya humuhumu ndani imechachamaa, wakakipa jina la Swift J1913.1+1946. Zilipita saa kadhaa kabla mambo hayajaunganishwa: Swift ilikuwa imeona makaa ya moto ule ule ambao Fermi iliuona ukilipuka dakika 53 nyuma. Leo unaitwa GRB 221009A (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa miale ya gama), mlipuko mkali kuliko wote uliowahi kurekodiwa, na nuru yake ilisafiri takriban miaka bilioni 1.9 hadi kutufikia.

Makaa hayo ndiyo mada yetu. Nitayaita mng'ao-baki: nuru inayobaki na kufifia baada ya miale ya gama yenyewe kukatika. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta, intaneti na Python, aliyesoma fizikia hadi kidato cha sita au mwaka wa kwanza chuoni. Darubini si lazima, kwa kuwa takwimu ziko wazi. Kisa cha 221009A kitaturudia mara kwa mara, maana kina karibu kila mtego wa kazi hii.

Na mambo haya hayako mbali nasi kama yanavyosikika. Mng'ao-baki wa kwanza wa eksirei ulionekana kwa GRB 970228, tarehe 28 Februari 1997, na setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi iitwayo BeppoSAX. Takwimu zake ziliteremshwa kituo cha Malindi. Swift, iliyorushwa Novemba 2004, nayo ikatumia Malindi. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru.

Kwanza, elewa kinachowaka

Nyota nzito inapojiporomokea, au nyota mbili za nyutroni zinapogongana, hutoka mkondo mwembamba wa mata unaokimbia karibu na kasi ya nuru. Miale ya gama hutoka ndani ya mkondo huo na hudumu sekunde au dakika. Kisha mkondo hugonga gesi iliyouzunguka, kama gari linalovamia lundo la mchanga, na wimbi la mshtuko likajengeka mbele yake. Elektroni zilizomo kwenye wimbi hilo huzungushwa na sumaku na kutoa nuru ya aina inayoitwa sinkrotroni. Nuru hiyo hutoka kwa pamoja kwenye redio, mwanga wa kawaida na eksirei. Kadiri wimbi linavyopunguza mwendo, ndivyo inavyofifia.

Jambo la kushika ni hili: mng'ao hufifia kwa kufuata kipeo cha muda na kipeo cha masafa.

F ∝ t^(−α) · ν^(−β)

F ni nguvu ya nuru, t ni muda, ν ni masafa; α ni mteremko wa muda, β ni mteremko wa spektra. Kazi yote iliyobaki ni kupima α na β kwa mwanga, kuzipima tena kwa eksirei, halafu kuuliza kama namba hizo nne zinasimulia kisa kimoja. Mwenye mwanga peke yake ana nusu ya ushahidi. Mwenye eksirei peke yake pia ana nusu, ingawa watu wa eksirei hawapendi kuambiwa hivyo.

Hatua ya 1: pata tangazo na usome uzi wote

Matangazo ya milipuko husambazwa na mtandao wa GCN wa NASA. Kuna aina mbili. Notisi huandikwa na mashine sekunde chache baada ya tukio: muda, mahali na ukubwa wa kosa. Waraka huandikwa na watu: "tumetazama kwa filta ya r (nyekundu), tumeona kitu kipya, magnitudo kadhaa". Magnitudo ni kipimo cha ung'avu: namba ikiwa kubwa, kitu ni hafifu zaidi. Vyote viko kwenye hifadhi, na unaweza kutafuta kwa jina la mlipuko. Jina ni tarehe tu: mwaka, mwezi, siku, kisha herufi ya mpangilio wa siku hiyo.

Soma nyaraka kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, usiokote moja katikati. Nyaraka za mwanzo mara nyingi husahihishwa na zinazofuata. Ukiishia kwenye waraka wa kwanza wa Swift kuhusu kisa chetu, utaandika kwamba ni nyota ya jirani.

Angalia pia kiwango cha kosa la mahali. Kitambuzi cha gama cha Swift hutoa eneo la dakika chache za tao (dakika ya tao ni 1/60 ya nyuzi, na sekunde ya tao ni 1/60 ya dakika hiyo), ambamo kuna nyota na galaksi chungu nzima. Darubini yake ya eksirei hubana hadi sekunde chache za tao. Hapo ndipo mtu wa mwanga anaweza kuelekeza darubini yake na kujua anatafuta wapi.

Hatua ya 2: saa ilianza kuhesabiwa lini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapozama.

Kwa kuwa mteremko ni kipeo cha muda, namba ya α inategemea sifuri umeiweka wapi. Sifuri hiyo huitwa T0. Kawaida ni wakati kitambuzi cha gama kilipoamka. Kwa 221009A, Fermi iliamka saa 13:16:59 UTC, na Swift saa 14:10:17 UTC. Tofauti ni sekunde 3,198. Ukipakua faili ya Swift ukatumia muda wake bila kufikiri, umeanza kuhesabu karibu saa nzima baada ya mlipuko.

Madhara yake yanapimika. Chukua sekunde 200 baada ya Swift kuamka. Kwa hesabu ya kweli ni sekunde 3,398 tangu Fermi. Tuseme mteremko wa kweli ni α = 1.5. Mteremko utakaouona ukitumia saa ya Swift ni α ukizidisha kwa uwiano wa nyakati mbili:

1.5 × 200 ÷ 3,398 ≈ 0.09

Yaani grafu itakuwa karibu bapa, nawe utatangaza kwamba umeona "tambarare" na kuanza kutafuta injini iliyofichwa inayolisha mlipuko. Tambarare hiyo haipo. Umeitengeneza mwenyewe kwa saa mbovu.

Hata T0 ya Fermi si ya mwisho. Mlio wake wa kwanza ulikuwa utangulizi mdogo, na kishindo chenyewe kilikuja zaidi ya dakika tatu baadaye. Wanasayansi wa LHAASO, kituo cha kuchunguza miale ya gama kule China, waliamua kuhesabu mng'ao-baki kuanzia sekunde 226 baada ya Fermi kuamka. Ukifanya kazi na takwimu za siku ya pili, sekunde 226 si kitu. Ukifanya na za dakika kumi za kwanza, ni kila kitu.

Kwetu wasemaji wa Kiswahili kuna mtego wa ziada. UTC iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, na saa ya Kiswahili inatofautiana na ya kimataifa kwa saa 6. Mwanafunzi anayeandika "saa 11:10" kwenye daftari lake hajui kesho yake kama alimaanisha alasiri ya Dar es Salaam au asubuhi ya Greenwich. Andika UTC tu, kila mahali, hata kwenye karatasi ya chai.

Hatua ya 3: eksirei

Habari njema: kazi nzito imeshafanywa. Kituo cha takwimu za Swift katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, hutengeneza grafu za mwanga na spektra za eksirei za kila mlipuko, na kuziweka wazi. Pakua faili ya namba, siyo picha ya grafu. Utapata muda, nguvu na makosa ya kila kipimo. Ukitaka kuchakata mwenyewe kuanzia fotoni, programu za HEASoft ni za bure, lakini kwa mara ya kwanza sikushauri. Jifunze kusoma kabla ya kupika.

Utakutana na hali mbili za kamera, WT na PC. Kitu kikiwa kikali mno, kamera hutumia WT: hupoteza picha ili iweze kuhesabu fotoni haraka. Kikififia, hurudi PC, yenye picha kamili. Kwenye PC kitu kikali kinaweza kuleta msongamano: fotoni mbili zinaangukia sehemu moja kwa wakati mmoja na kuhesabiwa kama moja yenye nishati kubwa. Grafu za Leicester hurekebisha hilo. Mapengo utakayoyaona kila baada ya saa moja na nusu hivi ni Dunia inayokinga mbele ya setilaiti kila mzunguko.

Chora kwa logi pande zote mbili. Kwa milipuko mingi utaona vipande: mteremko mkali sana mwanzoni (α ya 3 au zaidi), kisha tambarare (karibu 0.5), kisha mteremko wa kawaida (1 hadi 1.5), na mara nyingine mwisho mkali wa 2 hivi. Juu yake huweza kukaa miruko, eksirei zinapanda ghafla na kushuka. Si kila mlipuko una vipande vyote.

Mteremko mkali wa mwanzo si mng'ao-baki. Ni mkia wa mlipuko wenyewe, na miruko nayo hutokana na injini. Viondoe vyote viwili kabla ya kupima α, vinginevyo unapima vitu viwili kwa rula moja.

Spektra ya eksirei huja na namba Γ, kipeo cha fotoni. Unachohitaji ni β, na β = Γ − 1. Nimeona kosa hili hata kwenye rasimu za watu wazima. Ukiona β ya eksirei ni 2, rudi nyuma ukaangalie kama hukusahau kutoa moja.

Mtego wa kisa chetu: mwelekeo wa 221009A una vumbi jingi la galaksi yetu. Vumbi hilo lilitawanya eksirei za mlipuko wa awali, zikatufikia kwa njia ya kuzunguka, zikachora pete zinazopanuka kuzunguka chanzo kama mawimbi ya jiwe kwenye kisima. Pete zilikuwa nzuri kutazama na mbaya kupima. Ukichora duara kubwa mno kuzunguka chanzo, unajumlisha fotoni za mlipuko wa jana kwenye mng'ao-baki wa leo.

Hatua ya 4: mwanga wa kawaida

Kama una darubini, hata ya kioo cha sentimita 30, unaweza kufika milipuko mikali ukiwahi. Wapenzi wa anga wenye vifaa vyao vya nyumbani walichangia vipimo vya 221009A. Kama huna, kusanya vipimo kutoka nyaraka za GCN. Njia zote mbili zinapita palepale.

Safisha picha kwa bayasi (picha ya ishara ya kamera yenyewe bila mwanga) na flati (picha ya uso ulioangazwa sawasawa). Linganisha na picha ya zamani ya eneo lilelile kutoka katalogi: Pan-STARRS kwa anga lote la kaskazini na la kusini hadi nyuzi 30, SkyMapper kwa kusini zaidi. Kitu ambacho hakimo kwenye katalogi, kiko ndani ya duara la eksirei, na kimefifia kwenye picha ya pili, ndicho chako. Sharti la tatu usiliruke. Asteroidi zinazopita na nyota zinazobadilika zimewahi kuwadanganya watu.

Pima mwanga wake dhidi ya nyota za jirani kwenye picha ileile, ambazo magnitudo zake ziko kwenye katalogi. Wingu jembamba likipita linafifisha wote pamoja, kwa hiyo tofauti inabaki palepale. Kisha geuza magnitudo ya mfumo wa AB iwe nguvu kwa mikrojansiki, kipimo cha nguvu ya nuru kwa kila masafa:

F = 10^((23.9 − m) ÷ 2.5)

Kwa mfano, magnitudo 18.0 ni mikrojansiki 229 hivi. Kama α = 1, muda ukizidi mara kumi nguvu inagawanywa kwa kumi, yaani magnitudo inaongezeka kwa 2.5. Kitu cha 18.0 saa mbili baada ya mlipuko kitakuwa 20.5 saa ya ishirini. Hesabu hiyo ya kichwani itakusaidia kuamua kama kesho inafaa kuhangaika au la.

Angalia mfumo wa magnitudo. Wengine huandika kwa AB, wengine kwa Vega, mizani miwili yenye sifuri tofauti. Siku moja nilichanganya kipimo cha filta ya R cha Vega na cha r cha AB, nikaona mng'ao unapanda kwa sehemu mbili za kumi za magnitudo. Nilishinda jioni nzima nikiusuka maelezo, chai ikapoa, mpaka mwenzangu akauliza kwa upole: "Hiyo ni Vega au AB?"

Halafu kuna vumbi. Ramani za vumbi la galaksi yetu hutoa kiasi cha kuondoa kwa kila mwelekeo na kila filta. Mbali na mkanda wa galaksi ni kidogo tu. Kwa 221009A, iliyoko nyuzi 4 tu kutoka kwenye bapa, ni takriban magnitudo 4 kwa mwanga wa kijani: katika fotoni 40, moja ndiyo iliyopenya. Kosa dogo kwenye ramani hapo huharibu β yako kabisa. Lakini haligusi α, kwa kuwa vumbi halibadiliki siku hadi siku. Ukiwa na shaka na vumbi, tegemea mteremko wa muda.

Vitu viwili vingine huinua mwanga mwishoni. Galaksi mwenyeji hubaki pale pale bila kufifia, na mng'ao ukizama ndani yake grafu hulala. Toa mwanga wa galaksi hiyo kwa picha ya miezi kadhaa baadaye. Na kwa milipuko ya nyota nzito iliyo karibu, supanova huchomoza wiki moja hadi tatu baadaye, kama SN 2003dh ilivyotoka nyuma ya GRB 030329. Eksirei hazipandi naye. Mwanga ukilala na eksirei zikaendelea kushuka, mshuku mmoja wa hao wawili kabla ya kulaumu wimbi la mshtuko.

Hatua ya 5: waweke pamoja

Sasa grafu moja, mihimili ya logi, pointi za mwanga na za eksirei, T0 moja. Pima α na β za kila upande kwenye kipindi kilekile. Nadharia inasema zihusiane hivi, kutegemea kama masafa unayoyatazama yako chini au juu ya masafa ya kupoa, pale elektroni zinapopoteza nishati upesi:

Chini ya masafa ya kupoa, gesi ya msongamano sawa: α = 3β/2
Chini ya masafa ya kupoa, upepo wa nyota: α = (3β + 1)/2
Juu ya masafa ya kupoa, zote mbili: α = (3β − 1)/2

Mfano. Tuseme mwanga umetoa β = 0.6 na eksirei β = 1.1. Tofauti ni 0.5, ndiyo hasa inayotarajiwa masafa ya kupoa yakiwa kati yao. Eksirei zinapaswa kuteremka kwa (3.3 − 1)/2 = 1.15. Kwa mwanga, gesi ya msongamano sawa inatabiri 0.9, na upepo 1.4. Kwa hiyo tazama tu nani anafifia haraka. Eksirei zikikimbia mbele, mlipuko uko ndani ya gesi iliyotulia. Mwanga ukikimbia mbele, nyota ilikuwa ikijivua tabaka zake kabla ya kufa. Hicho ni kipimo kinachoniridhisha kuliko vyote katika kazi hii: miteremko miwili ikikuambia maisha ya nyota ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Kagua pia uwiano wa moja kwa moja. Kutoka filta ya r hadi eksirei za keV 1, masafa hupanda takriban mara 500, na logi yake ni 2.7. Gawanya logi ya uwiano wa nguvu kwa 2.7, upate β ya kati. Mwanga wa mikrojansiki 229 na eksirei za mikrojansiki 1 hutoa 0.87, inayokaa vizuri kati ya 0.6 na 1.1. Ikishuka chini ya 0.5, mlipuko huitwa wa giza: vumbi la galaksi mwenyeji limemeza mwanga, au uko mbali mno hadi hidrojeni imeukata.

Mwisho, tafuta kuvunjika kwa mkondo: α ikipanda hadi 2 hivi, kwa mwanga na kwa eksirei, siku ileile. Ikivunjika upande mmoja tu, si mkondo. Muda wa kuvunjika hukupa upana wa mkondo, na upana hukupa nishati ya kweli badala ya ile ya kudhani mlipuko ulitawanyika pande zote.

Kisa chetu kiligoma hapa. Eksirei zake ziliteremka kwa takriban 1.5 siku ya kwanza, kisha zaidi kidogo ya 1.6, zikaendelea hivyo kwa wiki nyingi bila kuvunjika kwa ghafla. Mkondo rahisi wenye ukingo mkali haukutosha kueleza. Baadhi ya watafiti wakapendekeza mkondo wenye kiini chembamba na mbawa pana zinazofifia polepole. Kwa hiyo miteremko yako ikikataa jedwali la juu, usiilazimishe. Rudia T0, vumbi, Γ na mfumo wa magnitudo. Vyote vikiwa sawa, umepata kitu cha kuandika.

Ukiandika matokeo

Waraka mzuri wa GCN una mistari kama kumi. Taja muda wa katikati wa picha kwa UTC na pia tangu T0, ukisema T0 ni ya setilaiti ipi, filta, muda wa kufungua kamera, magnitudo na kosa lake, mfumo, AB au Vega, na katalogi uliyolinganisha nayo. Kama hukuona kitu, andika kikomo ulichofika, kwa kuwa "hatukuona kitu hadi magnitudo 20.5" ni kipimo kamili kwa anayetafuta lini mng'ao ulivunjika. Kuhusu vumbi, toa namba mbichi na useme wazi kwamba hujaliondoa. Kila mmoja ana ramani yake anayoiamini, na atajiondolea mwenyewe.